Pikapu ya Samaki na Dai Lililochelewa Miezi Saba

Siku nilipokabidhi funguo za kabati la mafaili, dada aliyechukua meza yangu alizipokea, akazitia kwenye pochi, kisha akaniuliza kama kuna mahali nimeandika mambo ninayoyajua. Nilimwambia yote yako kwenye mafaili. Akalitazama kabati, akalitazama vumbi lililokuwa juu yake, akasema basi hayapo. Ndiyo maana naandika. Nimeshughulikia madai ya bima ya magari katika tawi letu la Bukoba tangu nikiwa msichana, na wengi mtakaosoma hapa mnaifanya kazi hiyo sasa. Habari za vyeo nitaziruka. Cheo changu cha mwisho kilifika kikiwa kimechelewa kuliko dai lolote nililowahi kupokea, nami sikukikataa.

Siku yangu ya kwanza nilivaa sketi nyeupe. Mama yangu aliipiga pasi mara mbili, akanisindikiza hadi barabarani pale kwetu Bakoba kana kwamba naolewa. Nilidhani kazi ya bima ni kukaa mezani. Mkuu wa madai wakati huo alikuwa Mzee Mutalemwa, mtu mrefu, mpole, aliyezungumza taratibu mpaka wateja wengine wakadhani amesahau alichotaka kusema. Alinipeleka nyuma ya ofisi, palipokuwa na gari lililogongwa, akatandika boksi chini, akanipa tochi, akaniambia niingie chini ya gari nimwambie ninachokiona. Nikaingia na sketi yangu. Nikasema naona matope.

"Matope ya wapi?" akauliza.

Akanieleza, yeye amesimama na mimi nimelala chali, kwamba mwenye gari ameandika alipata ajali mlimani, kwenye udongo mwekundu, lakini matope yaliyo kwenye ekseli ni meusi, ya bondeni. Huenda alipita bondeni baada ya ajali, akasema, au huenda hakuwahi kufika mlimani. Kazi yetu ni kumuuliza kabla hatujaamua. Nilirudi nyumbani jioni na sketi ya rangi tatu. Mama alinitazama tu. Kesho yake nilivaa suruali ya kaka yangu, na tangu hapo wateja wakaacha kunituma chai.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tochi, rula ya chuma, daftari, na sumaku ambayo Mzee Mutalemwa aliitoa kwenye spika ya redio mbovu. Vijana mnacheka sumaku, lakini ijaribuni. Fundi akinyoosha bodi huziba mashimo kwa puti, akapaka rangi juu, na kwa macho hutaona kitu. Pitisha sumaku. Kwenye bati inang'ang'ania. Kwenye puti inateleza kama haijui ilichokuja kufanya. Hapo unajua gari lina historia ambayo haimo kwenye fomu. Kamera zilikuja baadaye, kisha simu, na picha zikawa nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzitazama. Sumaku yangu haijawahi kuishiwa chaji.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini nilipofanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka huwa nahama kiti. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta dai la gari lake dogo miezi minne baada ya ajali. Mkataba ulisema taarifa itolewe ndani ya wiki mbili. Niliandika neno moja juu ya faili, Amechelewa, nikalifunga, nikajiona hodari. Mzee Mutalemwa alilikuta kabatini wiki kadhaa baadaye. Hakunigombeza. Aliniuliza kuchelewa kwa yule mwalimu kulitunyima nini. Je, mashahidi walikuwa wamehama? Gari lilikuwa limeuzwa? Kuna kitu ambacho tungekiona mapema na sasa hakionekani? Nikasema sijui, sikwenda kutazama. Akasema basi twende. Tulipofika, mwalimu alikuwa ameshauza gari kwa vipande. Alitukaribisha kwa heshima, akatupa maji ya kunywa, akasema hana kinyongo, sheria ni sheria. Tulirudi mjini. Mlangoni mwa ofisi Mzee Mutalemwa akaniambia, "Kuchelewa ni jambo moja, uongo ni jambo lingine. Usiviweke kwenye faili moja." Alistaafu mwaka uliofuata.

Sasa nisogee mbele miaka mingi, mpaka miaka minne kabla ya kustaafu kwangu, kwenye dai ninalotaka hasa kuwasimulia.

Asubuhi moja lori lilivuta pikapu nyeupe kwa kamba mpaka uwanja wa nyuma wa ofisi. Ilinuka samaki kiasi kwamba mlinzi alihamisha kiti chake. Nyuma yake alikuja mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio wa bluu, mwembamba, mwenye mikono ya mtu anayenyanyua vitu vizito kila siku. Aliitwa Zaituni, mkazi wa Kashai. Nilikuwa nimemsikia. Alikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliokuwa wakiendesha wenyewe pikapu zao hadi mwaloni, kule Muleba, mahali ambapo wavuvi wa visiwani wanashusha samaki. Alinunua sangara na dagaa, akawauza Bukoba na kwenye magulio ya vijijini. Wavuvi wanaotoka mbali, wanaohamahama kufuata samaki, walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwapunja kwenye mizani, nao wakamwita Mama Pikapu.

Alikaa mbele yangu, akanipa fomu iliyojazwa kwa mwandiko mzuri ambao haukuwa wake. Nilisoma. Pikapu iliteleza kwenye mvua, ikagonga jiwe upande wa kushoto, mbele. Tarehe ilikuwa Jumanne ya wiki iliyotangulia. Mahali pa sahihi palikuwa wazi. Nilimwomba anisubiri, nikachukua tochi, boksi na rula, nikaenda kulala chini ya pikapu.

Chesisi ilikuwa imepinda mbele kushoto. Hilo lilikuwa kweli. Lakini pale ilipopinda palikuwa na kutu nene ya rangi ya kahawa iliyokaangwa, inayobanduka kwa kucha. Magamba ya samaki yalikuwa yamekauka ndani ya mikunjo ya bati. Tairi la kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, na tairi haliliki hivyo kwa wiki moja, hata ukienda nalo mpaka Dar es Salaam na kurudi. Nilipitisha sumaku. Juu ya taa ya kushoto iliteleza. Kwenye mlango wa kulia, ambao fomu haikuutaja kabisa, iliteleza pia.

Nilirudi ndani nikajifuta mikono. Nilimuuliza ajali ilitokea lini. Akasema Jumanne. Alisema akitazama kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yangu, si mimi.

Hapo mtu unakuwa na njia mbili, na zote ni rahisi. Ungeweza kumwachia asaini, ukamkamata na uongo wake, na makao makuu wakakupongeza. Au ungemhurumia ukajifanya hukuona kutu. Nilikumbuka yule mwalimu na maji yake ya kunywa.

"Bi Zaituni," nikamwambia, "fomu hii hujaisaini bado, kwa hiyo kwangu mimi bado ni karatasi tu. Ukiisaini na hiyo Jumanne, sitaweza kukusaidia tena, wala mtu mwingine hataweza. Ukiniambia siku yenyewe, nitaandika kwamba umechelewa, halafu tupambane na huko kuchelewa."

Aliichukua fomu, akaikunja mara mbili, akauliza kama adhuhuri imefika. Nikasema imekaribia. Akasema anakwenda kuswali. Alipotoka niliamini sitamwona tena, nikaanza kufikiria nani atakuja kuiondoa pikapu.

Alirudi saa nane kasoro. Uso wake ulikuwa umelowa maji bado. Alikaa, akasema ilikuwa miezi saba iliyopita, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na kwamba tarehe ya Jumanne aliambiwa na watu wa gereji. Walimwambia kampuni ikijua ni ajali ya zamani itachukua mpaka stika ya kioo. Kisha alinieleza yote kwa utaratibu, bila kulia, na mimi nikawa naandika.

Siku ile alikuwa amepeleka dagaa kwenye gulio moja upande wa Kaagya. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa inanyesha na barabara ilikuwa ya kuteleza. Kwenye mteremko alikutana na mtu anasukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi, na baiskeli ikamshinda yule mtu, ikaja katikati. Zaituni alikata kushoto. Gurudumu likaingia mtaroni, pikapu ikagonga jiwe kubwa la mpaka, ikaparamia kibanja, yaani shamba la nyumbani, cha mzee mmoja na kuvunja mibuni miwili. Mwenye baiskeli hakuguswa. Zaituni alipata uvimbe kwenye paji la uso. Mzee mwenye kibanja alitoka, akamkalisha barazani, kisha wakaenda wote kwa mtendaji wa kijiji, wakaandikishana kuhusu mibuni, wakapeana mikono. Polisi hawakuitwa kwa kuwa hakuna aliyeumia wala aliyegombana.

Fundi aliinyoosha pikapu ikaweza kutembea, lakini ilikuwa inavuta kushoto kama mbuzi anayerudi zizini. Ilikula tairi baada ya tairi. Mwezi wa nne baada ya ajali ikakataa kabisa. Bila gari, Zaituni alivuka kwenda kisiwani, akawa anaanika dagaa kwenye mawe kwa ajili ya wanawake ambao zamani alikuwa akinunua kwao. Watu waliomkopesha hela za pikapu walikuwa wamempa mpaka mwisho wa mwezi ule, kisha waje kuichukua waiuze.

Nilimuuliza swali ambalo lilikuwa linaniwasha tangu asubuhi. Kwa nini hakuja kwetu siku ileile, na bima kubwa, inayolipia hata gari la mwenyewe, anayo?

"Mama, nilidhani bima ni ya trafiki," akasema. "Ili asikusimamishe."

Alikuwa amekatiwa bima kubwa na chama kilichompa mkopo, kwa sababu ndilo sharti lao. Walimpa hati ndani ya bahasha. Aliiweka sandukuni pamoja na vyeti vya watoto. Aliifungua mara moja, akakuta kurasa kumi na moja za Kiingereza, akairudisha. Alijua kuhusu haki yake miezi sita baadaye, kwenye boti, kutoka kwa mganga wa zahanati ya kisiwani ambaye gari la ndugu yake lilikuwa limelipiwa.

Kabla hajaondoka nilimuuliza na kuhusu mlango wa kulia. Angeweza kusema ni ajali ileile, angalau angejaribu. Alisema ule ni wa mwaloni, kreti ya barafu ilianguka kutoka kwenye lori, na hauhusiani na Kaagya. Niliandika hivyo. Nikampa fomu mpya, akaijaza mwenyewe kwa herufi kubwa, polepole, akasaini.

Kesho yake tulikwenda Kaagya, mimi na yeye, na gari la ofisi. Nawaambia vijana, picha za simu ni nzuri lakini hazina miguu. Mzee mwenye kibanja, Ta Sospeter kama Wahaya wanavyomwita mzee, alikuwa anapalilia kwa mkono chini ya migomba. Alimtambua Zaituni kutoka mbali akamwita jina. Nilimsalimia kwa Kihaya kama mtoto anavyopaswa, nikamweleza nilikotoka. Alidhani nimekuja kumdai fidia kwa ajili ya jiwe lake.

Jiwe lilikuwa palepale. Nilipima kutoka ardhini mpaka kwenye kovu lililokwanguliwa, lililobaki na weupe wa rangi kwenye nyufa ambako mvua haikufika. Nilikuwa nimeshapima pikapu siku iliyotangulia. Vipimo viwili vilitofautiana kwa unene wa kidole, na mtaro ulieleza unene huo. Mibuni iliyovunjika Ta Sospeter aliikata kwa msumeno karibu na ardhi, nayo ilikuwa imetoa machipukizi yaliyofika juu ya goti langu. Nilimuuliza mibuni huchukua muda gani kuchipuka kufikia hapo.

"Waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "hayo ni ya tangu senene. Nilikuwa nayafikiria juzi, nikasema yule mama wa samaki amenifanyia kazi yangu. Mibuni ile ilikuwa imezeeka, nilikuwa naogopa kuikata."

Zaituni alicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka. Kisha Ta Sospeter akaingia ndani, akatoka na kipande cha taa ya mbele chenye namba za kiwandani. Alikuwa amekihifadhi, alisema, kwa sababu kilikuwa kizuri na huenda mwenyewe angekifuata. Namba zililingana na kipande kilichobaki kwenye pikapu.

Ofisi ya mtendaji wa kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye daftari kubwa. Mtendaji alikuwa kijana makini. Alifungua kurasa mpaka akaipata: tarehe, majina, mibuni miwili, gari lenye namba ile, sahihi tatu. Aliniruhusu nikapiga picha, na akaniandikia barua yenye mhuri. Trafiki wa wilaya naye, baada ya kuona hayo yote na kusikiliza watu, aliandika ripoti iliyosema wazi kwamba taarifa imepokelewa baadaye. Sikumwomba aandike vinginevyo, naye hakudokeza kwamba angeweza.

Nilituma kila kitu makao makuu Dar es Salaam nikiwa na moyo mweupe. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, mstari mmoja. Dai limechelewa, lifungwe.

Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Zaituni alikuwa amerudi kisiwani, akisubiri. Nilimpigia simu mkuu wa madai wa makao makuu, mwanaume mdogo kwangu kwa umri lakini mkubwa kwa kiti. Alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa na mafaili mengi kuliko saa. Aliniambia mkataba unasema wiki mbili, na mimi naujua kuliko yeye.

"Najua unasema nini," nikamwambia. "Naomba uniambie kuchelewa kumetunyima nini. Jiwe lipo, shahidi yupo, daftari la kijiji lipo, gari lipo na limepinda palepale. Ukinionyesha kitu kimoja tulichokikosa, nalifunga leo."

Kisha akauliza kuhusu uharibifu ulioongezeka, maana mtu akiendesha gari bovu miezi minne analiharibu zaidi. Nikasema swali hilo ni la haki, na nimeshalijibu kwenye ukurasa wa nne, ambao inaelekea haujafunguliwa. Matairi, na springi iliyochoka baadaye, si vya kwetu. Mlango si wa kwetu, na mwenye gari alisema mwenyewe. Chesisi, taa na bodi ya mbele kushoto ni vyetu, na vingekuwa vyetu hata kama angekuja kesho yake. Akauliza pia kuhusu fomu ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimeeleza habari ya ile Jumanne kwenye ripoti. Sikuificha, nanyi msifiche vitu kama hivyo. Vikifichuliwa na mtu mwingine, jiwe na daftari havitakusaidia. Nilimwambia mama yule alipewa nafasi ya kudanganya na ya kusema kweli ndani ya saa mbili, akachagua. Akasema niyaandike yote hayo kwenye kurasa mbili, atayapeleka kwenye kikao.

Niliandika kurasa mbili. Sijawahi kuandika barua ya mapenzi kwa uangalifu ule. Niliwaandikia pia watu wa mkopo kwamba dai linasikilizwa, nikawaomba wasubiri. Walisubiri, ingawa kwa kulalamika.

Jibu lilifika siku moja kabla ya mwezi kwisha. Dai limekubaliwa kwa sehemu zile nilizozitaja, matengenezo yaanze. Nilijaribu kumpigia Zaituni asubuhi nzima. Kule kisiwani mtandao unapatikana ukipanda mwinuko fulani, na mtu aliyekuwa anaanika dagaa chini hapandi mwinuko bila sababu. Mwishowe alipiga yeye, mchana, baada ya mtu kumwambia kuna mama wa Bukoba anamtafuta. Nilimwambia limekubaliwa. Nilisikia upepo, na watu wakizungumza nyuma yake.

"Na mlango?" akauliza.

"Mlango haumo."

"Sawa," akasema. "Mlango nilisema mwenyewe." Halafu akampa simu mwanamke aliyekuwa naye, na yule mwanamke akaniuliza nimemwambia nini mwenzao, kwa sababu amekaa chini.

Pikapu ilikaa gereji wiki tatu. Siku ilipotoka nilienda kuikagua, nikapitisha sumaku mbele kushoto, ikang'ang'ania bati kila mahali. Zaituni aliijaribu kwenye barabara iliyonyooka, akaachia usukani kidogo, haikuvuta upande wowote. Akaniomba radhi kwa harufu, akaniambia nipande, akanirudisha ofisini. Mlango wa kulia, upande wake, ulifunguka kwa kupigwa bega.

Mwaka wa bima ulipokwisha alikuja kukata nyingine mwenyewe, hakungoja chama. Aliweka hati mbele yangu, akasema hatalipa mpaka nimsomee yote kwa Kiswahili. Nilitazama foleni iliyokuwa nyuma yake. Nikaanza kusoma. Alikuwa ananisimamisha kila mara. Wiki mbili zinaanza kuhesabiwa lini, siku ya ajali au siku ya kujua? Mtu akiwa kisiwani na hakuna mtandao je? Akimwambia wakala, amewaambia nyinyi au hajawaambia? Mengine nilijibu. Mengine niligundua kwamba baada ya miaka yote ile sikuwa na uhakika, nikayaandika pembeni. Watu wa foleni, ambao mwanzoni walikuwa wanaguna, walisogeza viti wakasikiliza. Mzee mmoja aliyekuja kukatia pikipiki alisema yeye anayo hati kama hiyo nyumbani na ameitumia kufunikia redio.

Yale maswali niliyapeleka makao makuu. Safari hii yule mkuu wa madai alinijibu siku ileile. Tulichukua karibu mwaka, barua zikienda na kurudi, mpaka tukapata karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayoambatishwa na kila hati. Juu kabisa imeandikwa kwamba ukipata ajali tupigie siku hiyohiyo, na ukiwa umechelewa njoo hivyohivyo, useme kweli. Mstari huo wa pili ulipigwa vita sana. Walisema utafundisha watu uzembe. Ulibaki.

Zaituni alichukua bunda la karatasi zile akapeleka mwaloni. Mara mbili nilikwenda naye Muleba. Nilikaa juu ya kreti iliyogeuzwa nikajibu maswali ya wavuvi, wachuuzi na madereva wa malori ya barafu, na ilipotokea nikasita, alijibu yeye kabla sijafungua mdomo. Alikosea mara moja tu, nikamsahihisha, naye akawageukia watu akasema hata yeye bado anajifunza.

Wiki yangu ya mwisho kazini simu ya mezani ililia asubuhi, kabla sijavua koti. Alikuwa mwanaume, mgeni kwa lafudhi yake, na nyuma yake mvua ilikuwa inagonga bati. Alisema yeye ni mvuvi, ameanza kubeba samaki kwa gari mwezi uliopita, na gari lake limeingia mtaroni sasa hivi njia ya Muleba. Hata kamba ya kulivutia haijafika. Namba yetu ameitoa kwenye karatasi aliyopewa na Mama Pikapu. Alizungumza haraka, akahema, kisha akauliza kama amewahi.

Nilitazama saa ya ukutani. Nikamwambia amewahi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhudumia. Nikavuta kiti, nikafungua fomu mpya, nikamuuliza kwanza kama ameumia.